Mtoa Mistari wa Bethel Gap

Mara ya kwanza Effie Tulloch alipofanya biashara na Ivorine Passley, alishindwa, na alishindwa bila kutukanwa wala kuombwa. Effie alikuwa mchuuzi wa miaka mingi. Alipanda milima ya Portland na pikapu yake, akanunua viazi vikuu, ndizi na mashelisheli kwa wakulima, akateremka navyo mpaka soko kuu la Kingston. Alijua kuiminya bei hadi mkulima ajione anapewa sadaka. Siku hiyo alisimama katikati ya matuta ya Ivorine, akakipiga kiazi kimoja cha njano kwa ncha ya kiatu kama mtu aliyejikwaa.

"Viazi gani hivi, mama? Udongo mwingi kuliko kiazi."

"Udongo nakupa bure," Ivorine akasema. "Lipia kiazi."

Kisha akataja bei yake, akanyamaza.

Effie akacheka, akajishika kiuno, akataja nusu ya bei hiyo. Kimya. Akalalamikia barabara. Kimya. Akataja bei ya mafuta, akawataja wakulima wa bonde la pili ambao wana viazi kama hivyo na adabu zaidi. Ivorine alikuwa amekunja mikono, anamtazama kwa upole, kama anayesubiri mgeni amalize kukohoa. Effie mwenyewe aliwafanyia watu mchezo huo kila siku, na alijua kwamba anayefungua mdomo kwanza ndiye anayelipa. Akaufungua yeye.

"Haya, chukua bei yako, mwanamke wa chuma wewe!"

"Asante. Ningengoja mpaka jua lizame," Ivorine akasema, akiinama kuchukua sururu. "Kungoja watu ndiyo kazi yangu."

Effie hakulielewa neno hilo mpaka alipouliza kule dukani chini. Ah, wakamwambia, yule si ndiye mtoa mistari wetu?

Kanisa la Kibaptisti la Bethel Gap halikuwahi kuwa na vitabu vya nyimbo vya kutosha, na zamani hata wa kuvisoma walikuwa wachache. Kwa hiyo mtu mmoja husimama mbele, akautamka mstari upesi, mkavu, bila sauti ya wimbo. Kanisa linaudaka, linauimba kwa sauti zote nne, na kabla mkia wa sauti haujagusa chini, mtoa mistari anatupa mwingine. Ivorine aliirithi kazi hiyo kwa shangazi yake, mwanamke asiyejua herufi hata moja, lakini aliyekibeba kitabu kizima kichwani. Mume wa Ivorine alikwenda Marekani kuchuma matufaha, na inaelekea matufaha ya huko hayaishi. Watoto wakakua, wakaondoka. Akabaki na matuta yake, na mistari. Harusi yeye, mazishi yeye, usiku wa matanga yeye, Jumapili yeye.

Na kazi ile ina sheria zake, ambazo hakuna aliyeziandika na hakuna anayezivunja. Mtoa mistari akirudia mstari, nanyi rudieni, maana ameona mmelala. Na haruhusiwi kumwacha mtu nyuma. Pale Bethel Gap mtu wa nyuma alikuwa Mzee Obed, aliyekokota kila neno kama anakokota ng'ombe asiyetaka kwenda machinjioni. Kanisa zima likishamaliza, yeye bado yuko njiani na neno lake. Ivorine humngoja. Wageni kutoka mjini hugeuza shingo, lakini yeye humngoja.

Effie hakuwa mtu wa kanisa. Jumapili ilikuwa siku yake ya kupakia: watu wakitoka ibadani mchana, wanabadilisha nguo, wanamletea mizigo barabarani, na alfajiri ya Jumatatu yeye yuko mlangoni pa soko, mahali palipopiganiwa kuliko viti vya bunge. Ibada za watu alizipima kwa jambo moja tu: zimeisha au bado.

Ndipo korona ikaingia kisiwani. Serikali ikafunga makanisa, ikaweka saa za kutotoka nje, ikawaambia watu wakae majumbani mwao. Wachuuzi wa vyakula walipewa kibali cha kupita, kwa sababu mji lazima ule. Mchungaji Whylie, aliyekaa mjini pwani na kuhudumia makanisa kadhaa ya milimani, akatangaza kwamba ibada itafanyika kwenye simu. Ivorine alikuwa na kisimu cha vibonyezo kinachojua kupiga na kupigiwa, basi.

Effie akamletea simu janja kutoka Kingston. Walipatana getini, barakoa usoni, Effie ndani ya pikapu na Ivorine nyuma ya ua.

"Nipe viazi vya shamba la juu, vyote, ukivichimba," Effie akasema. "Simu chukua."

"Vyote? Kwani simu hiyo inapika?"

"Inakupa kanisa, dada. Wewe unataka ipike tena?"

Ivorine akaigeuzageuza mkononi kama anayekagua jino la punda. "Sawa. Lakini isiponifaa nakurudishia, nawe unaniachia viazi vyangu."

"Biashara ya wapi hiyo?"

"Ya hapa getini."

Effie alilikubali sharti lile kwa shingo upande. Viazi vya njano vya shamba la juu vilikuwa adimu majira yale, kila nyumba mjini inaweka akiba, naye alikuwa ameshamwahidi mwenye duka mmoja mkubwa. Nani atarudisha simu janja akishaionja?

Jumapili ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Mchungaji aliwaita wote kwenye mkutano mmoja, kila mtu na sauti yake wazi. Mbuzi wa fulani akalia. Sufuria la presha likapiga mluzi jikoni kwa mwingine. Mume wa mtu akauliza kwa ukali nani kachukua taulo lake, na kanisa zima likajua kwamba amesimama bila taulo. Ivorine alipotoa mstari, nyumba zote zikaimba kwa pamoja kama zilivyozoea, na simu, ambayo inampa nafasi mtu mmoja mmoja, ikawakatakata: neno moja la huyu, nusu neno la yule.

"Zimeni sauti!" Mchungaji akapiga kelele. "Jamani, zimeni! Dada Merlene, zima, tunaona jiko lako lote!"

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata akageuza mtindo. Yatakuwa matangazo ya moja kwa moja: Ivorine na yeye wanasikika, wengine wanasikiliza na kuimba majumbani. Akamwagiza Ivorine ajifungie chumbani, afunge madirisha, avae waya za masikioni, maana jogoo wake alikuwa amehubiri kuliko mchungaji.

Ivorine akakaa mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye bakuli la sukari, akatoa mstari:

"Mto umefurika, Bwana, maji yamenifika kiunoni."

Kimya. Hapakuwa na sauti hata ya kikohozi. Akangoja. Kwa maisha yake yote, mkia wa wimbo ndio uliomwambia lini atupe mstari mwingine. Sasa mkia haukuonekana. Akafikiri watu wamezubaa, akafanya kama anavyofanya siku zote watu wakizubaa. Akaurudia mstari, kwa nguvu zaidi. Kimya. Akaurudia tena.

Na Bethel Gap, kila nyumba, ikatii. Mtoa mistari amerudia, rudieni. Waliimba mstari uleule mpaka sauti zikakwama, maji kiunoni asubuhi nzima, hakuna aliyevushwa.

"Dada Ivorine, tulidhani umeona maono!" Merlene akampigia baadaye, akicheka hadi anakohoa. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kabisa, pale darajani. "Watoto wangu wamekauka koo. Mmoja ananiuliza, mama, Bwana haji?"

Ivorine hakucheka. "Mliimba?"

"Tuliimba! Hukuona mioyo tuliyokutumia kwenye simu?"

"Moyo uliochorwa hauna sauti, Merlene. Mnasema mliimba, nami sikusikia hata mmoja. Tangu lini mtu akalipia mali asiyoiona?"

Mchungaji naye akapiga, kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Kuna kwaya nzuri mjini, akasema, wana sare, wamerekodiwa vizuri, mistari inapita chini ya picha. Dada Ivorine apumzike kidogo. Ivorine akamjibu kwamba Jumapili inayokuja alishaahidi, na ahadi ataitimiza. Baada ya hapo hataongea na ukuta.

Effie alizipata habari akiwa sokoni, Ivorine mwenyewe kwenye simu.

"Njoo uchukue simu yako."

"Ivorine! Viazi nimeshavipeleka!"

"Umevipeleka wapi, nami bado sijavichimba?"

"Nimevipeleka kwa mdomo!"

"Basi virudishe kwa mdomo. Mimi nimekuwa mtoa mistari tangu nywele zangu nyeusi. Siimbishi bakuli la sukari."

"Nakuja Jumapili tuzungumze."

"Njoo na gunia tupu. Utaondoka nalo tupu."

Jumapili ile Effie alitoka mapema, akaonyesha kibali kwa askari njiani, akapanda mlima huku anapanga maneno. Angemwambia nini? Kwamba simu iliyokwisha guswa hairudi. Kwamba mwenye duka atamla nyama. Alikuwa na hoja nzuri kadhaa, zote za uongo kidogo. Alipofika darajani injini ikachemka. Akaiacha pikapu ipoe chini ya mnazi, akachukua gunia lake, akaanza kupanda kwa miguu.

Barabara ilikuwa tupu. Effie aliipita kwa miaka na hakuwahi kuiona hivyo: hakuna wacheza domino kivulini, hakuna wanawake wenye kofia na Biblia, hakuna mtoto wa kumwomba lifti. Kijiji kimekaa ndani, amri ya serikali. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuwa njiani.

Kutoka barazani kwa Merlene akaisikia sauti ya Ivorine, kavu, ya haraka, inatoka kwenye simu: "Mto umefurika, Bwana, maji yamenifika kiunoni." Na Merlene na watu wake wakaimba. Walikuwa wachache, sauti za kawaida, mmoja anatoka nje ya wimbo. Effie akapita. Alipofika nyumba ya pili, Ivorine akasema tena: "Mto umefurika, Bwana…" Kumbe simu hazikuwa pamoja. Kule chini karibu na mnara wa mtandao mstari ulifika mapema. Kadiri mlima ulivyopanda, ndivyo ulivyochelewa. Nyumba ya pili ikaimba wakati ya kwanza iko katikati. Ya tatu ikaanza wakati ya pili iko katikati. Dirisha moja likafungwa kwa kishindo na mtu akasema, "Hawa wa chini wanatuvuruga!"

Fujo, Effie akawaza. Si ajabu amekata tamaa.

Akafika kwenye kona ambapo mlima unajikunja kama kiatu cha farasi na nyumba zote za Bethel Gap ziko wazi, hizi mkono huu wa bonde, hizi mkono ule. Pale akasimama apumue.

Wimbo ulikuwa unapanda mlima.

Ulikuja kutoka darajani kama mvua inavyokuja juu ya mabati, unaisikia kwenye paa la mbali, halafu paa la karibu, halafu iko juu yako. Nyumba moja inashika, inayofuata inapokea, ya nyuma inashusha pumzi. Sauti ya Ivorine ilitangulia mbele yake, mlango kwa mlango, ikigonga. Wimbo ukampita Effie pale barabarani, kushoto na kulia, akausikia kwa ngozi. Ukazunguka kona. Ukavuka bonde, ukashika mkono wa pili, ukaendelea kupanda kwenye migomba na mibuni, ukiwa mwembamba sasa, nyumba chache, mpaka juu kabisa kwenye ukingo. Na huku chini, kwa Merlene, mstari wa pili ulikuwa umeshaanza kuja.

Effie alifanya kama anavyofanya mbele ya mzani asiouamini: akatafuta mkono wa mtu. Nani kapanga hivi? Hakuna aliyepanga. Wala hakuna aliyejua, maana kila mmoja alikuwa ndani ya nyumba yake na simu yake ikinguruma, anamlaumu jirani kwa kumvuruga. Ili kuusikia wimbo ule ilibidi uwe njiani, na njiani palikuwa na mtu mmoja, tena mtu aliyekuja kugombania viazi.

Alipotazama mikono yake, vinyweleo vilikuwa vimesimama. Akavisugua kwa nguvu, kama aliyeumwa na mbu. Halafu akagundua kwamba anatembea upesi, halafu kwamba anakimbia, mwanamke mzima na gunia tupu mkononi.

Nyumba ya Ivorine ilikuwa karibu na juu. Dirisha la vipande vya vioo vya kupandisha na kushusha kwa mkono lilikuwa limefungwa barabara, na nyuma ya kioo Effie akamwona: amevaa nguo yake nyeupe na kofia ya kanisani, chumbani peke yake, waya masikioni, anaitazama simu. Alitoa mstari. Kisha akafumba macho, akangoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama kituoni na anajua basi halipo. Effie akagonga kioo. Ivorine akatikisa kichwa. Effie akaingiza vidole, akavipandisha vioo, akanyoosha mkono ndani na kuzivuta zile waya.

"Effie! Niko ibadani!"

Maneno hayo yalifika kila nyumba, yakipanda mlima kwa zamu.

"Nyamaza, mama. Sikiliza."

"Toka dirishani kwangu!"

"Ivorine, nyamaza unisikilizie hili tu, halafu unipige!"

Ivorine akanyamaza, na kunyamaza alijua. Wimbo ulikuwa umefika migombani. Ukaishika nyumba ya jirani ya chini, ukaingia uani, ukapita juu ya paa la Ivorine. Effie alimwona akigeuza kichwa. Macho yake yakaanza kwenda na sauti zile, nyumba kwa nyumba, na midomo yake ikataja majina bila sauti, maana aliwajua wote kwa sauti zao. Ukapanda. Ukavuka. Ukanyamaza.

Kisha, kutoka ukingoni kabisa, ambako simu ilikuwa mbovu na mtandao mbovu zaidi, akasikika mtu mmoja. Mzee Obed, peke yake, anakokota, bado yuko kwenye mstari wa kwanza. Maji… yame… nifika…

"Dada Ivorine?" Mchungaji akauliza ndani ya simu. "Tunakupata? Umekatika?"

Ivorine akamwinulia kiganja, kama unavyomwinulia mtoto wakati watu wazima wanaongea. Akamngoja Mzee Obed afike mwisho wa neno lake. Akangoja mpaka na mwangwi wake ukafa bondeni. Ndipo akasogea kwenye simu, akatoa mstari uliofuata, na Effie, aliyebaki pale nje ya dirisha, akausikia ukianza upya kule chini darajani, mwembamba, kama maji yanayotafuta njia.

Waliimba beti zote hivyo. Kila mstari ulipanda mlima mzima kabla mwingine haujaondoka. Mchungaji alipopata nafasi ya kuhubiri, wali wa maharage ulikuwa umeshaungua kwenye nyumba kadhaa. Effie alikaa kwenye ngazi za baraza, barakoa mkononi. Hoja zake nzuri hakuzikumbuka hata moja. Ivorine alipotoka, akakaa mbali naye kidogo kama serikali ilivyotaka, wakatazama bonde.

"Walikuwa wanaimba," Ivorine akasema.

"Niliwasikia njia nzima."

"Jumapili ile nyingine pia walikuwa wanaimba. Nikawarudishia mstari uleule kama wajinga." Akajifuta uso kwa upindo wa nguo. "Maskini. Na wakaurudia."

Effie akalikunja gunia lake tupu. "Na ile simu?"

"Simu nakaa nayo. Viazi chukua. Lakini mwenyewe utachimba, mimi leo sina mikono."

Kwaya yenye sare haikuchezwa. Mchungaji Whylie alijifunza kuhubiri kwa ufupi, na wapo wanaosema hiyo ndiyo baraka kubwa ya mwaka ule. Ivorine alitoa mistari dirisha likiwa wazi, jogoo na yote, miezi yote ya kufungiwa.

Effie alipata viazi, akampelekea mwenye duka, akapata faida yake. Alichopoteza ni Jumatatu. Bethel Gap hakuna mkono uliogusa mzigo mpaka Mzee Obed amalize, na Mzee Obed hakuwa na haraka. Effie angeweza kuja mchana, baada ya wimbo. Wachuuzi wengine walifanya hivyo. Yeye alikuja asubuhi, akaiacha pikapu darajani, ikiwa imechemka au haikuchemka, akapanda kwa miguu mpaka kwenye kona na kukaa juu ya kreti tupu. Akawa anapakia amechoka, anashuka usiku umeingia, anafika Kingston jua limeshatoka. Mahali pake mlangoni pa soko pakachukuliwa na mwanamke mmoja wa Clarendon. Mwanamke huyo hakumrudishia.

Makanisa yalipofunguliwa, watu wakaketi mbalimbali, barakoa usoni, na Ivorine akasimama mbele yao tena. Akatoa mstari. Sauti zote zikaja mara moja, zikajaa ndani ya kuta nne, zikaisha mara moja. Hata Mzee Obed, aliyebebwa kwa gari, alichelewa kidogo tu. Watu walilia kwa furaha. Ivorine naye alilia, na siku chache baadaye, akiwa amesimama kwenye matuta huku Effie anachagua mzigo, akasema ghafla:

"Nimewapata wote, Effie. Namshukuru Mungu, hakuna aliyebaki nje. Lakini unajua, wimbo ni mdogo sasa."

Effie aliendelea kupanga viazi kwenye gunia. "Mdogo kiasi gani?"

"Kiasi cha chumba."

Hawakulizungumza tena. Effie anauza nyuma kabisa ya soko siku hizi, karibu na wauza barafu, ambako wateja ni wachache na sakafu haikauki. Wenzake wakimuuliza ilikuwaje mtu mjanja kama yeye akapoteza mlango, anawaambia barabara ya Portland ni mbaya.